Injini ya kupachika inayochoka katikati ya safari: jibu kwa msomaji wa Kibirizi

Msomaji mmoja wa Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, mwenye boti la mbao linalobeba abiria na mizigo kwenda vijiji vya kaskazini hadi Kagunga, ameuliza kuhusu injini yake ya kupachika, Yamaha Enduro ya HP 40 ya mipigo miwili, aliyoinunua ikiwa imetumika kutoka pwani. Anasema inawaka bila shida, sailensa yake (mngurumo wa injini resi ikiwa chini kabisa) imetulia, na akifungua resi yote inakwenda vizuri kwa dakika kama tano hivi. Baada ya hapo sauti inaanza kushuka, boti linalala kwa tezi (upande wa nyuma), na mwendo unakuwa wa kubembeleza. Akirudisha resi hadi nusu, baada ya muda mfupi injini inapata nafuu. Ameongeza, kama jambo la kupitia tu, kwamba hali huwa mbaya zaidi wanapokuwa wametoka kujaza mafuta, ndiyo maana anawashuku wauza petroli. Fundi wake amebadilisha plagi, amesafisha kabureta mara mbili, na sasa anashauri injini ishushwe na kuwekwa ringi mpya za pistoni. Msomaji anauliza kama akubali, au aiuze tu.

Ndugu yangu, usikubali bado, na usiiuze. Ringi zilizokwisha hazina tabia ya kungoja dakika tano. Injini iliyopoteza kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda) huwa dhaifu tangu inapoondoka ufukweni, mara nyingi husumbua kuwaka ikiwa ya baridi, sailensa yake huyumba, na kurudisha resi hadi nusu hakuiponyi. Injini yako inaanza safari ikiwa na nguvu zake zote, inazipoteza, kisha inazirudisha yenyewe. Nguvu inayopotea na kurudi namna hiyo haielekezi kwenye chuma kilicholika, bali kwenye kitu kinachotakiwa kutiririka bila kukatika, yaani petroli, maji ya kupoozea, au kwa nadra zaidi umeme wa plagi. Ndiyo maana, kabla ya kuuliza ni kifaa gani kimekufa, ningependa tuiulize injini maswali mawili ya muda: inachukua muda gani hadi ichoke, na inachukua muda gani hadi ipate nafuu.

Injini ya mipigo miwili ya HP 40, resi ikiwa imefunguliwa yote, hunywa kati ya lita 15 na 20 kwa saa, yaani robo hadi theluthi ya lita kila dakika. Bakuli la kabureta linabeba mafuta kidogo sana ukilinganisha na unywaji huo. Kwa hiyo kama paipu ingekuwa imeziba au pampu ya mafuta imekufa, injini ingelegea katika nusu dakika ya kwanza, muda wa bakuli kukauka, na usingefika mbali. Joto nalo lina mwendo wake: kwa kawaida huchukua muda mrefu zaidi kujijenga, na likishaingia kwenye chuma haliondoki kwa kupunguza resi kwa nukta chache, kwa sababu chuma hupoa polepole. Dalili zako ziko katikati ya hizo mbili. Dakika tano za nguvu, kisha kuchoka taratibu, kisha nafuu ya haraka, na zaidi ya yote kule kuzidi kwa tatizo tenki linapokuwa limejaa, vinanipeleka mahali ambapo fundi wako hakugusa kwa sababu hapako kwenye injini kabisa. Ninazungumzia kifuniko cha tenki.

Pampu ya injini huvuta mafuta kutoka kwenye tenki, na kila tone linalotoka lazima nafasi yake ichukuliwe na hewa inayoingia kupitia tundu dogo au parafujo ya hewa iliyo juu ya kifuniko. Tundu hilo likiwa limefungwa, hewa iliyobaki ndani inazidi kupungua nguvu kadiri mafuta yanavyovutwa, mpaka tenki lenyewe linaanza kuvutana na pampu. Tenki likiwa nusu, hewa iliyomo ni nyingi na inaweza kutanuka kwa muda mrefu kabla ya kuleta upinzani. Likiwa limejaa hadi shingoni, hewa ni kidogo, na baada ya lita moja au mbili tu upinzani unakuwa mkubwa. Ukirudisha resi, injini inahitaji mafuta kidogo, na hicho kidogo kinachoponyoka kinaitosha. Hivi ndivyo petroli isiyo na kosa inavyoshukiwa na muuzaji wake kulaumiwa.

Jaribio lake halina gharama. Jaza tenki kama kawaida yako, toka na watu wawili tu ndani ya boti wakiwa wamevaa maboya ya kujiokolea, fungua resi yote, na usubiri injini ianze kulegea. Hapo hapo mwenzako afungue kifuniko cha tenki taratibu huku ameinamisha sikio. Kama hewa inaingia kwa mlio wa kufyonza, na kuta za dumu zilizokuwa zimebonyea kwa ndani zinarudi mahali pake kwa kishindo kidogo, na injini ikachangamka baada ya nukta chache, basi umeshapata jibu. Rudia safari hiyo kifuniko kikiwa kimelegezwa tangu mwanzo ili uthibitishe. Fanyeni hivyo asubuhi karibu na ufukwe, maana msimu wa kiangazi upepo wa kusini ukishika kasi si wakati wa kuwa na kifuniko cha petroli mkononi, na asiwepo mtu wa kuvuta sigara.

Sababu za tundu kuziba kwa kawaida ni za kibinadamu. Parafujo ya hewa hufungwa tenki linapobebwa, kisha husahaulika. Magamba ya dagaa, mchanga na oili hukaukia kwenye tundu. Wengine huweka kipande cha nailoni chini ya kifuniko ili mafuta yasimwagike mawimbi yanapopiga. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini kwenye shingo za madumu yetu bado inaishi kwa raha. Na kama unachotumia si tenki bali ni dumu la lita 20 lililotobolewa paipu ikapitishwa, yaelekea halikuwahi kuwa na tundu la hewa hata siku moja. Kulegeza kifuniko ni kipimo tu, nawe usikifanye kuwa dawa, kwa kuwa maji ya ziwa na ya mvua yataingia. Nunua tenki lenye parafujo ya hewa, uifungue kabla ya kuwasha na kuifunga baada ya kufika.

Sasa tuseme tundu liko wazi na injini bado inachoka. Hapo mwalimu wako ni ile pampu ya mkono, lile puto la mpira lililo katikati ya paipu ya mafuta, ambalo wengi hulikumbuka wakati wa kuwasha tu. Injini inapoanza kulegea, mwenzako alishike mkononi bila kuliminya na akueleze linavyojisikia. Likiwa limenywea, pande zake zimekaribia kugusana, kuna kizuizi nyuma yake, upande wa tenki: chujio la kwenye mdomo wa kuvutia limejaa uchafu, au paipu imejikunja chini ya mzigo. Likiwa laini, na injini ikapata nguvu kila anapoliminya, basi ama hewa inaingia mahali fulani njiani, ama pampu ya injini yenyewe imechoka. Likiwa gumu, limejaa, na kuliminya hakuleti tofauti yoyote, mafuta yanafika hadi kwenye injini, na kosa liko mbele zaidi.

Paipu inastahili kutazamwa kwa makini zaidi ya inavyotazamwa. Paipu halisi ya mafuta ina tabaka la ndani linalostahimili petroli; paipu ya maji ya bustani, hata iwe nene kiasi gani, hulainika ikilowana petroli kila siku, na tabaka lake la ndani huweza kuachana na la nje likawa kama ulimi unaofunga njia pale tu mvuto unapokuwa mkubwa. Kwa nje inaonekana nzima. Ikate vipande usiitegemee tena. Viungo navyo, vile ambavyo hapa kwetu hufungwa kwa vipande vya mpira wa tairi la baiskeli, vinaweza kuvuta hewa bila kudondosha hata tone moja la mafuta, kwa kuwa upande ule ni wa kuvuta, si wa kusukuma. Baada ya puto unaweza kupaka povu la sabuni, ukaminya puto hadi liwe gumu, ukatazama mapovu yanapotokea. Kabla ya puto njia hiyo haifanyi kazi. Huko funga vibano vipya vya chuma na ubadilishe mipira midogo ya duara iliyo ndani ya viungio vya kuchomeka, ni vitu vya bei ndogo.

Pampu ya injini ni kiboksi kidogo chenye kiwambo cha mpira kinachochezeshwa na mapigo ya hewa kutoka kwenye kizimba cha shafti kuu. Kiwambo kikikakamaa au kikitoboka tundu dogo kama la sindano, pampu itatosheleza sailensa na mwendo wa kati, kisha itashindwa resi ikifunguliwa yote. Kwenye injini ya umri huo, ambayo hujui mwenye awali aliitunza vipi, mimi ningebadilisha kiwambo na gasketi zake bila kungoja kithibitike kuwa kibovu.

Kuhusu petroli yenyewe, sisemi kwamba uchakachuaji haupo. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, isingeanza kuweka vinasaba (alama za kuyatambua) kwenye mafuta mwaka 2010 kama usingekuwepo. Lakini petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huonyesha tabia nyingine: injini husumbua kuwaka ikiwa ya baridi, moshi huongezeka, na ndani husikika mgongano mkavu kama wa kokoto resi inapokuwa kubwa. Haichagui siku ambayo tenki limejaa. Ukitaka kuondoa shaka, chukua petroli kabla hujachanganya oili, dondoshea karatasi nyeupe safi, iache kivulini ikauke. Petroli safi huondoka yote, na yenye mafuta ya taa huacha doa la unyevu linalokawia na harufu yake. Jaribio hilo halina maana kwenye mafuta yaliyokwisha kuchanganywa, kwa sababu oili itaacha doa kwa vyovyote. Maji ndiyo ninayoyahofia zaidi kwa mafuta yanayohifadhiwa kwenye madumu, maana usiku wa baridi unyevu wa hewa iliyomo hugeuka matone. Mimina mafuta ya chini ya tenki kwenye chupa ya maji ya kunywa iliyo angavu, yaache yatulie, na kama kuna maji yatajitenga chini kama mpira unaoteleza.

Tukirudi kwenye kabureta, kusafishwa mara mbili bila mabadiliko ni ushahidi kwamba huenda haikuwa mgonjwa. Fahamu pia kwamba kabureta ina njia tofauti kwa sailensa na kwa resi kubwa, na parafujo ya nje ambayo kila fundi hukimbilia kuizungusha inahusu mwendo wa chini tu. Haina la kusema resi ikiwa imefunguliwa yote. Huko juu kinachotawala ni jeti kubwa, kitundu cha kupitishia mafuta kilicho ndani ya bakuli, pamoja na urefu wa floti, boya dogo linaloongoza kiasi cha mafuta humo. Muulize fundi wako alisafisha jeti kwa nini. Kama alitumia waya wa chuma, inawezekana ameipanua, na kipimo cha jeti ni cha sehemu ndogo za milimita ambazo jicho haliwezi kuziona. Jeti hulowekwa na kupulizwa kwa upepo wa kompresa, haichokonolewi. Zaidi ya hapo, kabureta huchafuka hasa injini inapokaa bila kazi: petroli huyeyuka ikaenda zake, oili na nta zake zikabaki na kuganda kama vanishi. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024, injini nyingi za wavuvi zilikaa miezi mitatu zikiwa na mafuta kwenye mabakuli, na zilipoamshwa ziligoma. Boti lako ni la abiria, lakini hujui injini hiyo ilikaa ghalani muda gani kabla ya kuuzwa kwako. Kabla ya kuipumzisha injini kwa muda mrefu, chomoa paipu ya mafuta uiache inguruma hadi izime yenyewe, kisha fungua parafujo ya chini ya bakuli umwage kilichobaki.

Kama mafuta yamethibitika hayana kosa, geukia joto, na hapa historia ya injini yako inanitia wasiwasi wa kweli. Imetoka pwani. Injini iliyofanya kazi baharini bila kusafishwa kwa maji baridi baada ya kila safari hujengeka ukoko wa chumvi ndani ya njia za maji, na ukoko huo hauyeyuki kirahisi kwa sababu tu injini imehamia kwenye ziwa la maji yasiyo na chumvi. Njia inakuwa nyembamba kama mshipa wa mtu mwenye shinikizo la damu. Maji yatatoka kwenye tundu la kuonyeshea, wewe utatulia, na kumbe yanayozunguka kwenye silinda hayatoshi kazi ya resi kubwa. Tundu hilo linakuonyesha kwamba pampu inasukuma. Halikuonyeshi kwamba maji yamefika kila mahali.

Mara injini inapochoka, izime, ondoa kofia, na udondoshee tone la maji juu ya silinda hedi. Likikaa na kukauka polepole, joto si la kutisha. Likichemka na kurukaruka kwa mlio, chuma kimepita kiwango cha kuchemsha maji na injini imo hatarini. Usiendelee na safari hivyo, kwa kuwa pistoni inayovimba kwa joto ndiyo hupoteza nguvu kwanza kisha hukwama. Kabla ya kufungua kichwa, kagua impela ya pampu ya maji iliyo juu ya giaboksi. Mapanga yake ya mpira yakiwa yamelala upande mmoja na kubaki hivyo, au kingo zake zimelika, ibadilishe pamoja na kikombe chake ikiwa kina mikwaruzo. Boti linalopakia abiria ufukweni kwenye mchanga, likirudi nyuma huku pangaboi likichimba, hunywa mchanga kila siku, na kwa kazi hiyo impela ya kila mwaka si anasa.

Kisha fungua kifuniko cha thermostati, vali inayofunguka kwa joto ili kupitisha maji ya kupoozea. Kama unaona unga mweupe ulioganda kama chaki, umeona kilichojificha kwenye njia nyingine pia. Thermostati ijaribiwe kwenye sufuria ya maji yanayopashwa moto taratibu, na ikikataa kufunguka kabla maji hayajachemka, iondolewe na kuwekwa nyingine. Usikubali ushauri wa kuitupa na kuendesha bila hiyo, kwa sababu injini ya mipigo miwili inayofanya kazi ikiwa baridi hujaza plagi oili na masizi. Ukoko wa vipande vilivyofunguliwa unaweza kulainishwa kwa kuviloweka kwenye siki na kuvisuuza sana. Maji ya betri, ambayo nimeona yakitumika, hula alumini haraka kuliko yanavyokula chumvi. Na mwambie fundi awe na subira na bolti, kwani bolti ya chuma iliyokaa miaka kwenye alumini yenye chumvi hukatika kichwa kwa spana ndefu, na kazi ya asubuhi moja ikageuka ya wiki nzima. Apake mafuta ya kupenyeza, ayaache usiku kucha, apashe joto kidogo, kisha arudishe na kukaza kidogo kidogo mpaka ilegee.

Umeme siuweki mbele katika kesi yako, kwa sababu injini ya silinda mbili inayopoteza cheche kwenye silinda moja huanguka ghafla, hutetemeka, na huwa na misi (kurukwa kwa mwako) inayosikika wazi; hailegei taratibu. Ikiwa dalili zitageuka kuwa hivyo, fahamu kwamba koili hupasuka kwa ndani na hujificha ikiwa ya baridi, kisha huachia ikipata moto, hivyo kuipima asubuhi ufukweni kutakudanganya. Plagi mpya nazo zitazamwe: namba yake iwe ileile iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini, isiwe ya bodaboda eti kwa sababu nyuzi zimeingia. Ukizifungua baada ya mwendo mkali, rangi ya kahawia ni afya, nyeusi yenye unyevu ni mafuta mengi au joto pungufu, na nyeupe yenye vidoa vya fedha ni onyo kwamba injini inakosa mafuta au inachemka, jambo ambalo litaunga mkono niliyokwisha kusema.

Hapo ndipo oili inapoingia. Injini hizi kwa kawaida hutumia sehemu 50 za petroli kwa sehemu moja ya oili, yaani mililita 400 kwa dumu la lita 20, ila fuata kitabu cha injini yako. Imani kwamba injini kuukuu huongezewa oili ili ipate nguvu ni potofu. Oili ikizidi, petroli inayopita kwenye jeti ileile inapungua, silinda inachoma kwa ukavu, na masizi yanaziba tundu za kutolea moshi. Tafuta oili yenye alama TC-W3, iliyotengenezwa kwa injini za mipigo miwili zinazopozwa kwa maji. Oili ya pikipiki za mipigo minne huacha majivu ambayo hukaa kwenye plagi na vichwa vya pistoni.

Kuna jambo la aliyekuuzia pia. Yaelekea hakukudanganya aliposema injini ilikuwa inaruka kule baharini. Uso wa Ziwa Tanganyika uko takriban mita 773 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kwa karibu asilimia 7 hadi 8 kuliko ya pwani, kwa hiyo HP 40 ya kule ni kama HP 37 hapa, hata injini ikiwa mpya kutoka kwenye boksi. Upungufu huo ni wa kudumu, hauji baada ya dakika tano, lakini unaweza kulifanya pangaboi lililofaa pwani kuwa zito hapa. Kwenye pangaboi kuna namba mbili, kipenyo na hatua, na hatua ni umbali ambao lingesogea kwa mzunguko mmoja kama lingekuwa linapita kwenye kitu kigumu. Kupunguza hatua kwa inchi moja huongeza kama mizunguko 150 hadi 200 kwa dakika. Omba kipima mizunguko kutoka kwa fundi mwenye nacho, pakia mzigo wako wa kawaida, ufungue resi yote, na ulinganishe na kiwango cha kitabu. Kwa Enduro za HP 40 nyingi ni kati ya 4,500 na 5,500. Kama haifiki 4,500 hata katika zile dakika tano nzuri, pangaboi ni kubwa mno kwa kazi yako.

Ikiwa siku moja utakuta kinyume chake, injini inapiga kelele ya juu na boti haliendi, angalia bushi ya mpira iliyo ndani ya pangaboi. Chora mstari wa rangi kuanzia kwenye shafti kupita kitovu hadi kwenye mwili wa pangaboi, nenda safari fupi, urudi utazame. Mstari ukiwa umekatika, bushi imeachia na pangaboi linateleza. Na boti lenyewe lisisahaulike. Mbao hunywa maji, kalafati (pamba ya kuzibia nyufa za mbao) ikilegea maji hukaa chini ya sakafu bila kuonekana, na utando wa mwani chini ya mkuku hushika maji. Bamba lililo juu ya pangaboi linapaswa kuwa sawa na chini ya boti au chini yake kidogo, sentimita mbili au tatu, si zaidi.

Ringi nimeziacha mwisho kwa makusudi. Kabla hujatoa pesa, dai kipimo cha kompresheni kifanyike mbele yako. Injini ipashwe moto, izimwe, plagi zote mbili zitolewe, kofia za plagi ziunganishwe na chuma cha injini ili kisanduku cha umeme kisiungue, resi iwe wazi yote, kisha kamba ivutwe mara kadhaa mpaka mshale usipande tena. Namba yenyewe hutofautiana kwa muundo wa injini na kwa kipimo kinachotumika, ila chini ya psi 90 (kizio cha shinikizo) naanza kuwa na mashaka, na tofauti kati ya silinda mbili ikizidi asilimia 15 nakubaliana na fundi kwamba kuna la kutazama ndani. Zikiwa karibu sawa na ziko juu ya hapo, pesa ya ringi inunue tenki, paipu, kiwambo na impela, na utabakiwa na chenji. Zikiwa mbovu, mtake fundi apime silinda kwa mikrometa juu, katikati na chini kabla ya kuagiza chochote. Ringi mpya kwenye silinda iliyochimbika hazitakaza. Italazimu silinda ichongwe na pistoni za saizi kubwa ziagizwe kwanza, na hiyo ni kazi ya mashine ya kuchonga, haifanyiki kwa msasa chini ya mwembe ufukweni.